Mama Benchi Anaondoka, Kozi Yake Imetangulia

Tarehe thelathini Juni, mwalimu tunayemwita Mama Benchi anastaafu baada ya kufundisha katika kitivo chetu cha udaktari kwa miaka ishirini na tisa. Mhariri wa jarida hili amenisihi niandike kwa uchangamfu, nisiwatie watu majonzi kwenye ukurasa wa pongezi. Nitajaribu. Mimi nafundisha somo la dawa, ofisi yangu imepakana na yake, na chai yake nimeinywa miaka yote hiyo. Nikiteleza, mnisamehe.

Aliajiriwa kuwafundisha fasihi, historia na falsafa watu waliokuja kusomea figo na maini. Wanafunzi waliipa kozi yake jina siku ya kwanza: Porojo. Kijana mmoja wa safu ya mbele alitaka kujua ni shairi gani linaloshusha homa. Akajibiwa kwamba halipo, na kwamba kushusha homa atafundishwa na jirani, yaani mimi. Yeye atamfundisha kumwona mwenye homa. Katika kila hadithi waliyosoma, mhusika awe mfalme au mwizi wa kuku, swali lake lilikuwa lilelile: huyu anaogopa nini? Walimwigiza kwa swali hilo mpaka kwenye korido, naye akiwasikia alicheka kuliko wao.

Jina la Mama Benchi lilitoka hospitalini. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alitakiwa avue koti jeupe, akakae na wagonjwa kwenye benchi la kusubiri kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kisha aandike alichokiona. Walinung'unika wee! Mmoja alimleta baba yake, na baba huyo akafoka kwamba hakumlipia mtoto ada ili akashinde kwenye foleni. Mama Benchi akamkaribisha baba naye akae. Alikaa, maskini, na alipoondoka hakuaga mtu.

Ni kwenye benchi hilo binti mmoja, ambaye leo ni daktari bingwa wa upasuaji, alikaa pembeni ya bibi aliyejikunyata huku akijiuma midomo. Akadhani ni maumivu. Alipomuuliza anaogopa nini, bibi akamnong'oneza kwamba amebanwa na haja tangu alfajiri, lakini akinyanyuka tu, nafasi yake imekwenda. Sisi madaktari wazima tulikuwa tukipita mbele ya benchi lile kila siku, wala hatukulijua hilo. Mama Benchi aliposoma alichoandika binti, alimshika mkono wakaenda kwa muuguzi mkuu, na haikupita muda hospitali ikaanza kugawa kadi za namba. Mtu anachukua kadi yake, anakwenda msalani, anarudi, nafasi ipo. Wakubwa wetu walipiga picha wameshika kadi hizo, na Mama Benchi hakuitwa kwenye picha.

Miaka minne iliyopita kamati ya mitaala iliamua kwamba daktari wetu aandaliwe kwa ajili ya soko. Soko! Kana kwamba wagonjwa ni nyanya. Nilipinga mpaka sauti ikanikauka, nikaambiwa nisilete hisia kikaoni. Kozi ikafanywa ya hiari, halafu, kwa werevu wa ajabu, ikapangiwa saa ileile ya mazoezi ya maabara ambayo ni ya lazima. Mwaka wa kwanza walikuja watatu, sijui walitoroka vipi. Mwaka huu hakuja mtu. Kila Jumatano Mama Benchi alifungua darasa, akafuta ubao ambao haukuwa na doa, akakaa. Nilimwona dirishani, ikawa zamu yangu kupeleka chai. Sasa nafasi yake imefutwa, na darasa lake litakuwa chumba cha kompyuta.

Mwezi uliopita goti lilimlemea, nikamsindikiza hospitali hiyohiyo. Alichukua kadi ya namba, tukakaa kwenye benchi lake. Akaenda msalani, akarudi, akanitania kwamba walau kazi yake moja bado inafanya kazi. Namba yake ilipoitwa tukaingia kwa daktari kijana, zao la mitaala mipya. Namjua vizuri, nilimpa alama za juu kwenye somo langu. Aliandika, akauliza ni goti la kulia au la kushoto, akaandika tena. Dawa zilikuwa sahihi, na vipimo vilikuwa sahihi. Nilitafuta kosa nikalikosa. Ila hakuinua uso hata mara moja. Mimi mwalimu wake nilikuwa nimesimama pale pembeni, na mimi hakuniona.

Njiani nilimlaani yule kijana mpaka nikaishiwa maneno. Ndipo nikamuuliza Mama Benchi swali lake mwenyewe, kwamba yeye anaogopa nini. Akasema goti halimtishi. Anaogopa kwamba siku atakapozidiwa kweli, atakuwa mikononi mwa watu wanaoujua ugonjwa wake wote, na hakuna atakayejua kuwa yeye mwenyewe yumo chumbani. Akaongeza kwamba anaogopa pia kuwa miaka yote hii alikuwa akichota maji kwa pakacha. Nilitaka kumwambia si kweli. Mpaka leo ninapoandika haya, sijapata la kumfariji.

Jirani, ahsante kwa chai, ahsante kwa swali lako, na ahsante kwa madaktari wote waliokaa kwenye benchi lile wakanung'unika. Kitivo kinakutakia maisha mema na goti jepesi. Nami nakuombea kwamba kila namba yako itakapoitwa, umkute ndani mmoja wa wale uliowafundisha wewe. Pale hospitalini wamebaki wachache, na wengine wana mvi tayari. Kwa hiyo kama ni kuugua, dada yangu, ugua mapema, kabla nao hawajastaafu.