Maua Meupe ya Dada Severina

Mchungaji, wazee wetu, wafiwa wenzangu na majirani wa hapa Soweto, Mbeya, mimi ni Matilda Kihwele, mdogo wa marehemu, familia imenipa ukurasa mmoja niusome, nitausoma, ila kuna sentensi moja ndani yake siwezi kuisoma, na nikifika hapo nitawaambia kwa nini.

Marehemu Severina Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Mufindi, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa pili wa mzee Liberatus, mtunza bustani kwenye mashamba ya chai, na mama yetu Faustina. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, kidato cha nne Iringa mjini mwaka 1979, akapata cheti cha kilimo mwaka 1982 na mwaka huohuo akaajiriwa kuwa bibi shamba hapa Mbeya, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2021.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Saulo Mwakyoma, aliyetutangulia mwaka 2013, wakajaliwa watoto wawili, Ipyana na Joyness, mnaowaona hapa mbele.

Mwaka 1994 mtaalamu mmoja mgeni alimwachia mbegu za maua ya milima ya theluji, meupe, mafupi yasiyofika shubiri, yanayotambaa na kurudi yenyewe kila mwaka, naye akayajengea tuta la mawe na kokoto mbele ya nyumba. Majirani mlicheka kwamba wenzake wanatoa mawe shambani yeye anayaingiza, akawajibu kwamba maua haya yana tabia ya sisi Wahehe, ukiyabembeleza sana yanakasirika. Lakini mlikuja kuomba miche, na bustani zake za mawe zipo makanisani na kwenye nyumba za wageni kutoka hapa hadi Iringa.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha figo, na tarehe 3 Julai akalazwa, nami nikaja kutoka Iringa kumtunzia nyumba. Aliondoka hoi, hakuacha maagizo, na mimi mwenye shahada mbili sikumuuliza mtu, niliona maua yamesinyaa nikadhani yanakufa, nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua samadi ya kuku, nikamwagilia asubuhi na jioni, na akina mama wa jumuiya wakanisifu kwa upendo wangu. Wiki ya tatu yalikuwa meusi, yananuka.

Siku hiyo hospitalini dada aliniuliza kama yamechanua, nikamjibu kwamba yamechanua, meupe tele. Alinitazama, akasema, "Basi punguza maji, Matilda." Nikadhani ni homa inayosema, nikaendelea kumwagilia, na yeye hakuuliza tena.

Sasa sentensi yenyewe inasema kwamba marehemu alilala akiwa na faraja kuwa bustani yake imechanua, na Ipyana aliiandika kwa nia njema, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Juzi Bwana Timotheo, aliyefanya kazi na dada miaka ishirini, aliinama kwenye lile tuta, akachimbua mzizi, akaniambia taratibu kwamba maua haya huchanua Novemba, Julai huwa yamelala, hayataki maji wala samadi, na kwamba ningeacha kumwagilia wiki ile ya tatu, nusu yake ingepona. Kwa hiyo dada alijua nadanganya tangu neno la kwanza, akajua na kosa lenyewe ni lipi, akaona anielekeze badala ya kuniaibisha, kisha akakaa na jambo hilo peke yake mwezi mzima, huku mimi nikimpelekea uji na habari za maua.

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliolala msibani na kupika, wafanyakazi wenzake wa kilimo, na Bwana Timotheo kwa kuniambia kitu ambacho watu wengine wangekifunika kwa sababu ni msiba.

Dada, hayakuchanua, niliyaua kwa mkono wangu, na ulikuwa unajua. Nilipaswa kukwambia ukiwa unanitazama. Nisamehe, upumzike, Bwana akupe amani ambayo mimi sikukupa.