Mzee Idrisi na Lori la Kampuni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Mzee Idrisi Kasim wa mtaa wa Majimbo, hapa Embu. Alikuwa mchinjaji. Tulimzika Ijumaa.

Kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1952, Idrisi na rafiki yake Njeru walianzisha kampuni ya nyama. Walikuwa na bucha na lori moja. Kisha ikaja amri ya kutotembea bila pasi. Ng'ombe hawakufika, wadai wakachoka kungoja. Mwaka wa 1955 mahakama ikaamuru kampuni ivunjwe.

Nani husimamia kampuni ikivunjwa? Mfilisi, wasikilizaji. Mahakama ndiyo humteua. Alikuja Mzungu kutoka Nairobi, akachukua funguo za bucha. Idrisi hakuwa na sauti tena, ila alitakiwa akae karibu ajibu maswali.

Swali lilikuwa moja: lori liko wapi?

Njeru alikuwa kizuizini tayari. Ofisa mmoja wa usalama akamwita Idrisi. "Sema Njeru aliwapa watu wa msituni lile lori. Ukikataa, utamfuata."

Neno hilo lingempeleka Njeru kitanzini, kwa kuwasaidia wapiganaji wa uhuru. Na Idrisi alikuwa ameona kwa macho yake: homgadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, ndio waliolichukua lori, kule Kanyakine, wakampiga Njeru.

Mjane wake, Mama Mwanakombo, anakumbuka siku zile: "Bucha imefungwa. Pasi ya kwenda kwetu Meru tumenyimwa. Anazunguka tu chumbani kama ng'ombe wa kichinjio. Nikamwambia, Baba Rahema, tuko na watoto, sema tu."

Asubuhi alimwendea mfilisi. "Bwana, wewe unasimamiwa na nani?"

"Na mahakama."

"Basi nitajibu huko."

Mbele ya jaji alisema: "Homgadi walichukua lori. Njeru alipigwa akiwakatalia." Jaji aliandika. Idrisi alipotoka mlangoni, askari wakamkamata. Mfilisi alitazama tu.

Alikaa kizuizini miaka minne. Bucha iliuzwa, kampuni ikaisha. Lakini Njeru hakushtakiwa.

"Nilimkasirikia mume wangu miaka yote hiyo minne," anasema Mama Mwanakombo. "Halafu Njeru akaachiliwa, akaja hapa kwangu. Nikashindwa kumtazama."

Ijumaa, Mzee Njeru alisimama kando ya kaburi. "Nimezaa watoto sita baada ya siku ile ya mahakama," alisema. "Wote wako hapa. Wamekuja kumwaga mchanga."

Mama Mwanakombo, Rahema na ndugu zako, poleni sana. Mungu ampokee mzee wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: tukibanwa kila upande namna ile, jina la nani litatutoka mdomoni?