Bwana Gozbert na Herufi Zilizobaki

Jumatano, tarehe 30 Juni 1954, Bwana Gozbert Kamugisha atavua aproni yake nyeusi kwa mara ya mwisho. Atakuwa amepanga herufi katika kiwanda chetu cha chapa kwa miaka ishirini na minane, tangu kilipokuwa banda moja la mabati mpaka leo tulipo hapa Chang'ombe.

Alikuja kutoka Bukoba mwaka 1926, kijana wa misheni mwenye mwandiko mzuri na koti moja. Amepanga katekisimu, kalenda, matangazo ya mnada, na kadi za harusi za watu ambao sasa wanawaoza mabinti zao. Husoma herufi za madini ya risasi kinyumenyume upesi kuliko wengi wetu tunavyosoma gazeti. Wapangaji wote wa leo wamefundishwa naye, na wote wamepigwa kofi la mgongo kwa kupiga mluzi kazini.

Wageni wa kiwanda hiki huenda hawajui kwamba herufi zetu zililetwa kutoka Uingereza, kila moja kwa kadiri Waingereza wanavyoitumia. Kiswahili kinakula k na a na w kama moto wa kuni. Tulikuwa tukipanga kurasa nne tu, k zinakwisha. Tunapiga chapa, tunazivunja, tunaanza upya. Wakati huohuo herufi ya x ilikaa sandukuni iking'aa, haina hata mkwaruzo. Wengine tuliizoea. Bwana Gozbert alitaka kujua Waingereza wanaifanyia nini.

Akaanza kutafuta maneno yao mafupi yenye x. Akilipata moja, alilipanga kwa herufi zilezile, akalifunga uzi na kuliweka ukingoni mwa meza yake tulione. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuambiwa maana. Uende ukakione kitu chenyewe, urudi useme ulichokiona, ndipo upewe neno lingine. Kwa "axe" tulikwenda kwa mchonga milango kutazama shoka lake. Kwa "ox" tulikwenda machinjioni kutazama maksai, tukarudi viatu vikinuka. Kwa "mix" tulisimama kuwatazama waashi wakichanganya saruji na mchanga, mpaka msimamizi wao akatuuliza kama tunatafuta kazi. Hija wa mashine alipopewa "six" alinunua mayai sita, lakini baiskeli ilimwangusha njiani akafika na manne. Bwana Gozbert aliyatazama, akamwambia, "Hilo neno jingine kabisa, bwana. Rudi sokoni." Na lilipowekwa "tax", yaani kodi, hakuna hata mmoja aliyeomba kuonyeshwa.

Mwaka juzi mke wangu Auleria alipougua, akawa hatoki kitandani, Bwana Gozbert aligeuza sharti. Kila Jumapili alikuja kwetu Kinondoni na neno mfukoni, na kitu chenyewe mkononi. Kwa "wax" alileta nta. Alileta shoka, majirani wakashtuka. Auleria, ambaye darasa alilikimbia akiwa mdogo, aliyapapasa maneno hayo kwa kidole na kuyasoma kwa sauti, na siku za katikati ya juma alikuwa akiniuliza, "Unadhani atakuja na nini?"

Kisha akaja na "fox", namna ya mbweha wa nchi za mbali. Mnyama huyo hakuweza kumleta. Padri alimsaidia kwa kumchora: kama mbwa mwembamba, mkia kama ufagio. Auleria aliitazama picha kwa muda, akauliza, "Analiaje?" Bwana Gozbert hakujua. "Basi sijamwona bado," akasema Auleria. "Mnyama nisiyemjua sauti sijamjua. Nenda ukaulize."

Alikwenda. Aliuliza askari waliotoka vitani, aliuliza makarani, aliuliza mabaharia wa bandarini. Kila mtu alijua ujanja wa mnyama yule, hakuna aliyejua sauti yake. Mwezi wa Mei mwaka jana tulimzika Auleria, na jibu lilikuwa halijapatikana. Lile neno lilibaki mezani kwa Bwana Gozbert na uzi wake. Tulipopungukiwa na o hatukuligusa.

Aprili mwaka huu meneja alitutangazia kwamba unakuja mtambo wa kumimina herufi mpya, na herufi zote za zamani zitayeyushwa. Bwana Gozbert hakubisha. Aliomba tu meza yake iachwe ya mwisho, kisha akarudi kuuliza, safari hii akienda mbio.

Jibu lilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua sukari katika duka la Nasser, kule Temeke, na Nasser alikwisha kumwambia mara kadhaa kwamba hajui. Siku hiyo alipouliza tena, akieleza ule mkia kama ufagio, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bi Khairiya, mama yake Nasser, aliyezaliwa Hadhramaut, kule Uarabuni. "Nyie wanaume mna mambo! Mnamwuliza mtoto wa Temeke? Mie huyo ndiye aliyemaliza kuku wa mama yangu." Akaamuru duka zima linyamaze, akalia: mibweko mitatu mikavu, halafu ukelele mrefu kama wa mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Bi Mauwa, aliyekuja kununua mafuta ya taa, alitoka mbio akaacha chupa. Bwana Gozbert akajaribu. "Huyo mbuzi," akasema Bi Khairiya. "Rudia." Alirudia mpaka akaruhusiwa kuondoka.

Jumapili alikuja kwangu amevaa koti la kanisani, tukaenda makaburini kwa Auleria. Alivua kofia, akatazama kushoto na kulia, akalia kama alivyofundishwa. Mibweko mitatu, kisha ule ukelele. Kunguru wote waliruka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika, naye akasimama palepale, kofia mkononi, akaningoja nimalize.

Jumatatu alikata uzi. F akairudisha katika chumba chake sandukuni, o katika chumba chake, na x akaitia mwenyewe katika ndoo ya kuyeyushwa. Mtambo mpya umeanza kazi, na k sasa hazituishii. Huenda ile x leo ni k, na huenda iko katika ukurasa huu.

Bwana Gozbert, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa mikono yako na kwa maswali yako. Treni ikufikishe Mwanza salama na meli ikufikishe nyumbani. Tunakuombea afya, migomba iliyostawi na wajukuu wasumbufu. Na ukisikia huko kwenu mnyama tusiyemjua, tuandikie analiaje.

Projestus, Chumba cha Kujalidi