Mgongo Ambao Hatukuuamini

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mtunza masjala wetu atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa na maumivu ya mgongo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, ingawa wa kuchekwa humu si yeye.

Aliajiriwa na mgongo mzima. Mwaka wa kumi na mbili, lifti ikiwa mbovu, mkubwa mmoja alitaka mafaili yote ya ukaguzi yafike ghorofa ya nne kabla ya chai. Mwenzetu alipanda ngazi mara tisa na maboksi kifuani. Safari ya tisa kiuno kikakataa, na hakijakubali tena hadi leo. Mafaili yale yalikaa huko juu miezi miwili, kamba zake hazijafunguliwa.

Kisha wakazuka waganga, wote waajiriwa wa ofisi hii. Dereva alileta mafuta ya kuchua yaliyonukisha hata bahasha. Mhasibu alimwambia apunguze mawazo. Mkuu wa utawala, bwana anayesubiri lifti ili ashuke ghorofa moja, alimshauri afanye mazoezi. Daktari peke yake ndiye aliyemwambia ukweli: maumivu hayatakwisha, ajifunze kuishi nayo kama mpangaji mkorofi asiyehama. Akajifunza, na hapo ndipo tulipoanza kumshuku.

Alikaa dakika ishirini, akasimama ishirini, kwa kufuata saa ndogo ya jikoni iliyolia mezani kwake. Ndiyo maana tunamwita Bi Ishirini. Mafaili yanayoulizwa kila siku aliyapanga usawa wa kiuno, asiiname wala kujinyoosha. Saa sita alitandika mkeka nyuma ya rafu, akalala chali dakika kumi, miguu juu ya kiti. Akiinuka, faili lolote alilitoa kabla hujamaliza kutaja namba yake.

Mimi ndiye niliyemkuta mkekani. Nilikuwa mgeni masjala, kimbelembele kimenijaa, nikaandika barua kwamba mwenzangu analala kazini. Kikaoni aliulizwa mbona anacheka na watu ikiwa kweli anaumwa. Sijui walitaka alie miaka mingapi ndipo waridhike. Cheti cha daktari kilipita mkono hadi mkono bila kusomwa. Alisimamishwa wiki mbili na kuonywa kwamba akirudia atafukuzwa, naye wakati huo alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mzazi wa kumtunza.

Mkuu wa utawala akaona nafasi imepatikana. Aliamuru mafaili yapangwe upya kwa alfabeti, kama ofisi zilizostaarabika. Tulipanga siku nne na tukapiga picha. Siku ya tano hakuna faili lililoonekana, kwa sababu daftari la masjala hufuata namba, si majina. La kwanza kupotea lilikuwa la mkuu mwenyewe, na lilitakiwa ili apandishwe cheo. Maji yalipomfika shingoni, Bi Ishirini akaitwa kabla adhabu haijaisha. Alikaa kitini akaelekeza, mimi na mkuu tukabeba. Jioni ya pili kiuno kilinikaza, nikaomba ruhusa. Nilipewa siku tatu papo hapo, na hakuna aliyeniuliza cheti.

Tangu hapo aliutandika mkeka wake bila kusumbuliwa. Lakini hakuna aliyemwomba radhi. Ofisi hii ina fomu ya kila kitu isipokuwa hiyo.

Juzi, akianza kunikabidhi masjala, nilifungua faili lake nikaikuta barua yangu, imetobolewa vizuri na kupewa namba ya ukurasa. Miaka yote hiyo funguo zilikuwa zake, na angeweza kuichana siku yoyote. Nilimwomba niitoe. Akasema faili ni la ofisi, na aibu iliyomo ni ya ofisi pia, kwa hiyo niiache.

Nimeiacha. Ukurasa unaofuata nimeweka wasifu huu, ili atakayesoma shutuma asome pia kwamba zilikuwa za uongo, na kwamba mwandishi wake ameomba radhi akiwa amechelewa sana.

Bi Ishirini, asante kwa kazi. Tunakutakia asubuhi nyepesi, kiti kizuri, na watu watakaokuamini mara ya kwanza utakaposema unaumwa.