Koplo Penisimani Taukolo, Mlinzi wa Motukehe

Mchungaji, makamanda, na ninyi nyote mliojifunga kiunoni mikeka ya msiba, mlio ndani na mlio nje kwenye tanuri la chakula cha msiba, familia inawaomba masikio yenu kidogo.

Marehemu Penisimani Taukolo alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 katika kijiji cha Faleloa, visiwani Ha'apai, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Siosaia na mama Lesieli, nyuma ya dada yake Ilaisaane, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na wawili hao walilala mkeka mmoja mpaka sauti ya Penisimani ilipoanza kukwaruza, ndipo baba akamhamishia kibanda cha wavulana, na tangu hapo hawakukaa tena chumba kimoja wala kusemeshana ovyo, maana kwetu heshima ya dada ni kitu kizito.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia 1954 hadi 1961, hesabu hazikumpenda naye hakuzisumbua, na tarehe 3 Machi 1969 alijiunga na jeshi la visiwa vyetu, mjini Nuku'alofa, baba akamcheka, "Jeshi gani hilo, mwanangu, likipiga gwaride hakuna anayebaki kutazama," naye akajibu, "Ndiyo maana wananihitaji, baba."

Kweli lilikuwa jeshi dogo, boti mbili za doria, moja ikienda nyingine imefunguliwa injini inangoja kipuri cha ng'ambo, bunduki za vita vya wazee, na bendi nzuri sana, kwa hiyo mwaka 1981, wageni walipoanza kukitolea macho Motukehe, kisiwa chetu cha mwisho kabisa, ulinzi tulioweza kuupeleka ulikuwa bendera, redio ya mawasiliano, na Penisimani. Wa kumpokea zamu hakuwepo. Kila jioni aliita makao makuu na kusema, "Huku ni shwari," na Maikolo wa redio, mtu wa masihara, alimjibu, "Na mkeo kaa wa pwani, hajambo?" na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kutwa nzima.

Tarehe 20 Agosti 1984 mama Lesieli alifariki hapa Nuku'alofa, wakati boti ikirudi kutoka visiwa vya kaskazini na wagonjwa, na kamanda akasema, "Muulizeni, akitaka kuja kumzika mama yake, boti ipinde imchukue, bendera itajilinda yenyewe, asiposema, ije moja kwa moja," basi Ilaisaane akaenda chumba cha redio ili damu ya mama iwepo, akaketi sakafuni karibu na mlango. Maikolo, kwa wema wake, akidhani anamfariji, akasema, "Rafiki yangu, mama ametutoka, boti iko njiani, wewe sema neno tu, na usijione mpweke, dada yako yuko hapa anakusikia." Nani kati yetu hulia au kuomba mbele ya dada yake? Redioni ikatoka sauti kavu, "Huku ni shwari," ikazimwa, na dada naye, kwa heshima ile ile, hakufungua kinywa.

Boti ikapita. Kijijini wakasema, "Huyo moyo wake umeota matumbawe," ila miaka mingi baadaye marehemu alimwambia mkewe, "Maikolo angekuwa peke yake, ningeogelea kuifuata boti."

Aliondolewa Motukehe 1986, na tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Kalolaine, wakajaliwa binti mmoja, Sepiuta, ambaye sasa yuko nje kwenye tanuri akipika, kama desturi yetu inavyompasa mtoto katika msiba wa baba yake. Alistaafu 1998, na hata hapo nyumbani alikula ameelekea bahari, mgongo kwa watu.

Kisukari kilimwanza 2012, mguu ukakatwa 2016, dada akahamia barazani kwake, akilala upande wa pili wa ukuta, na kila jioni marehemu alisema kwa sauti, kama anauambia ukuta, "Huku ni shwari," mpaka tarehe 9 Juni 2019, jioni ambayo hakusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viazi vikuu na kuni bila kuombwa, wenzake wa jeshini, na mzee Maikolo, aliyekuja kwa fimbo na kukesha nasi.

Desturi iliyowatenga kaka na dada ndiyo leo imempa dada nafasi ya kuketi kichwani pake. Penisimani, mdogo wangu, nilikuwa nakusikia. Boti imepinda, imekufuata. Lala kwa amani, huku ni shwari.