Luhaga Mashimba na Watoto Wake Watano wa Kigongo

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kigongo, na ninyi nyote mliotoka ng'ambo ya Busisi asubuhi hii ya tarehe 17 Machi 2026: wasifu huu umeandikwa na Teodora, dada mkubwa wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Watoto wa marehemu wamemwomba asifiche sehemu zinazomhusu yeye mwenyewe. Amekubali, ingawa si zote zinazompendeza.

Luhaga Mashimba alizaliwa tarehe 9 Septemba 1968 papa hapa Usagara, wilayani Misungwi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mashimba Chenge na Mama Suzana, ambao wote wametangulia. Wazazi wake walilima pamba na kufuga. Luhaga aliwapenda ng'ombe, lakini ng'ombe hawakumpenda. Ndama mmoja alimpiga teke mara mbili katika wiki moja, na baba yake akasema mtoto huyu atafutiwe kazi isiyokuwa na miguu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Mwaka 1986 alikwenda mjini Mwanza kujifunza ufundi wa injini za dizeli kwa miaka miwili, akikaa Nyakato kwa dada yake Teodora, ambaye tayari alikuwa ameolewa huko. Alikuwa mgeni mpole, asiyechagua chakula, ila alikuwa na tabia ya kufungua kila kitu kilichokuwa na skrubu. Shemeji yake alivumilia mpaka siku alipokuta saa ya ukutani iko kwenye sahani.

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa fundi wa injini katika kivuko cha Kigongo na Busisi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano. Wengi mnaokaa upande huu mlimfahamu kwa sauti yake kubwa. Mtu anayeshinda chini kwenye injini huzoea kusema kwa nguvu, na Luhaga hakuweza kuiacha sauti hiyo kazini. Kanisani alipoungama, foleni nzima ilirudi nyuma hatua kadhaa kwa heshima. Tena hakujua kuogelea. Abiria waliposhangaa, aliwajibu, "Kazi yangu ni kuhakikisha hata wewe huogelei."

Kwenye kivuko hicho ndiko alikokutana na Angela Kaijage, mwalimu aliyetokea Muleba, aliyekuwa akifundisha upande wa Sengerema. Angela aliuliza kwa nini kivuko kimechelewa. Luhaga alianza kumweleza habari za pampu ya mafuta, na walipofika ng'ambo alikuwa bado hajamaliza. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1999 na kupanga nyumba ya vyumba vitatu hapo Kigongo. Mungu aliwajalia Winnie mwaka 2000, Nestory mwaka 2002, mapacha Kulwa na Doto mwaka 2004, na Shija, mvulana, Novemba 2007.

Tarehe 2 Juni 2008 Angela alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya kuugua siku nne tu. Winnie alikuwa na miaka minane. Shija alikuwa na miezi saba, na alikuwa bado ananyonya.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani. Mambo yalikuwa yamepangwa kabla ya Luhaga kuitwa. Winnie angekwenda kwa bibi yake Usagara. Nestory angekwenda Geita kwa baba mdogo. Shija angepelekwa Muleba kwa mama mkubwa. Mapacha wangechukuliwa na Teodora, ambaye ndiye aliyesimama kuueleza mpango huo, kwa sababu ndiye aliyeutunga.

Luhaga alisikiliza mpaka mwisho, Shija akimtafuna kola ya shati.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza," Teodora alijibu.

"Dada, nakuheshimu. Lakini watoto hawa mama yao ameondoka hata hajawaaga. Mkiwatenganisha na wenzao, watabaki na nani? Hapa hatoki mtoto."

"Utawaleaje, Luhaga? Hata ugali hujui kusonga."

"Nitajifunza."

"Ugali sawa. Na nywele za wasichana watatu?"

"Nazo nitajifunza."

Watu walicheka, ingawa palikuwa msibani. Teodora hakucheka. Alisema ukoo unampa mpaka Krismasi, na wakija wakikuta mtoto hata mmoja amekonda, mpango utarudi palepale. Luhaga alikubali mbele ya wote.

Miezi iliyofuata haikuwa ya mchezo. Jirani yake, Mama Jovinary, alikaa na wadogo wakati wa zamu, na Luhaga alibeba yaliyobaki. Alisonga ugali ukawa mgumu hadi Nestory akauliza kama unaweza kutumika kuzuia mlango. Siku moja alitia chumvi kwenye uji badala ya sukari. Watoto wakakataa, naye kwa kutaka kuwafundisha kutochezea chakula akaunywa wote mbele yao, vikombe vitano, bila kukunja uso, kisha akatoka nje kwa haraka. Nyumba ilikuwa na watoto watano na, kwa kadiri ilivyowezekana kuhesabu, viatu tisa. Kila Jumapili asubuhi kiatu cha kumi kilitafutwa chini ya kitanda, bandani kwa kuku, na safari moja kilipatikana ndani ya sufuria ya maharage, kikiwa kimeshaanza kuiva.

Nywele alizisuka kama alivyoahidi, lakini kwa mkono uliozoea kamba za kufungia kivuko. Zilikaa wiki tatu bila kulegea hata unywele mmoja. Mwalimu wa katekisimu alimwita Winnie pembeni na kumwuliza kwa upole kwa nini siku hizi anashangaa muda wote.

Kisha Doto akajitia punje ya harage puani. Luhaga alimbeba mbiombio mpaka zahanati, na Kulwa akifuata nyuma kimya, jambo ambalo lingepaswa kumtia baba yake wasiwasi. Muuguzi aliwatazama wanavyofanana akauliza, "Mwenye harage ni yupi?"

"Huyu," Luhaga alisema.

"Na mimi," Kulwa alisema. "Mimi ninayo mawili."

Hayo yote yalifika Nyakato kwa simu, na Teodora aliyapokea akiyaongeza kwenye orodha yake. Lililomwinua kitini ni la Oktoba.

Jumamosi mchana, Mama Jovinary akianika dagaa, mapacha walichukua kiporo cha ugali, wakakifunga kwenye kanga ya marehemu mama yao, wakateremka gatini. Waliingia kivukoni wakiwa wameshika sketi ya mama mmoja wasiyemjua. Kila mtu alidhani ni wanawe; yeye mwenyewe alidhani ni wa mtu mwingine. Kivuko kilikuwa katikati ya maji nahodha alipoita kwa sauti kutoka juu, "Fundi! Panda huku. Kuna mizigo yako miwili, haina tiketi."

Luhaga alipanda akiwa na oili mpaka viwikoni. Aliwaona wamekaa ukingoni, miguu ikining'inia chini ya ukuta wa chuma, wakiyatazama mapovu. Aliwavuta kwa mikono yote miwili, akakaa sakafuni kati ya ndizi za watu na baiskeli, akalia. Hakuwa amelia mbele ya watu tangu kaburi la Angela lifukiwe.

"Baba, unalia nini?" Kulwa alimwuliza. "Tumekuletea chakula."

"Tumekula nusu," Doto aliongeza.

Teodora alifika Kigongo Jumatatu asubuhi na mkoba mtupu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alimkuta mdogo wake ameketi mlangoni, Shija mapajani, ndevu hazijanyolewa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuja kuwachukua mapacha. Krismasi siisubiri."

Luhaga hakupandisha sauti, na hilo Teodora hakulitegemea. Alisema, "Wachukue. Pengine mlisema kweli. Wangezama, Teodora, na mimi niko chini pale nasafisha chujio." Alizikunja nguo zao mwenyewe. Winnie alisimama pembeni akitazama, na hakuitikia shangazi yake alipomuaga.

Yaliyotokea Nyakato Teodora hajawahi kuyasema hadharani mpaka leo. Siku ya kwanza aliwapikia sato mzima, jambo ambalo hakuwafanyia hata wanawe. Kulwa akamgawa samaki mafungu matano. Yeye akala fungu lake, Doto akala lake, matatu yakabaki sahanini.

"Maliza, mwanangu," Teodora alisema.

"Hilo la Winnie. Hilo la Nestory. Hilo lililochambuliwa miiba ni la Shija."

Asubuhi walifanya vivyo hivyo kwa mihogo. Mchana kwa wali. Teodora alijaribu kuwabembeleza, akajaribu kuwatisha, akajaribu kuwaambia kwamba wenzao wana chakula chao huko nyumbani. Walimsikiliza kwa adabu na kuendelea kugawa. Hawakulia, hawakugoma kula. Walikula sehemu yao tu. Siku ya nne Teodora alikuta mafungu ya mihogo yamefungwa kwenye ile kanga, yamepangwa karibu na mlango, na mapacha wamekaa kando yake wamevaa viatu. Cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto, lakini viatu walikuwa wamevaa.

Aliwarudisha siku hiyohiyo. Luhaga alikuwa anafua. Aliposimama, povu likimtiririka, Teodora alimwambia, "Nilidhani nimechukua watoto wawili, kumbe mezani kwangu wamekaa watano. Nyumba yangu haiwatoshi. Nisamehe, mdogo wangu." Kisha akavua viatu, akakaa upande wa pili wa beseni, akaanza kufua naye. Tangu wiki ile, kwa miaka sita, aliteremka Kigongo kila Ijumaa. Alimfundisha Luhaga kusuka bila kuvuta, na mlango wa uani ukawekewa komeo la juu.

Krismasi ukoo ulikuja kama ulivyoahidi. Watoto wakapangwa mstari, wakatazamwa mmoja mmoja. Aliyekuwa amekonda ni Luhaga peke yake.

Haitakuwa haki kusema alifanya yote vizuri. Alikuwa na hasira za ghafla, na mara nyingine aliomba msamaha kesho yake kwa kununua andazi badala ya kusema. Alikataa nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa meli, na siku alizochoka aliwakumbusha watoto jambo hilo, ingawa hawakuwa wamemwomba akatae. Na Winnie alibeba mengi kuliko umri wake. Luhaga alilijua hilo. Agosti 2023, kwenye sherehe ya kumuaga Winnie anapoolewa, alipewa kipaza sauti ambacho hakukihitaji, akasema mbele ya wageni wote, "Mwanangu, ulikuwa na miaka minane nikakufanya mama wa watoto wanne. Utoto wako niliutumia mimi. Nisamehe."

Winnie alisimama na gauni lake. "Baba," alisema, "nilikuchukia siku za kufua tu." Akamkumbatia, na watu wakakosa la kufanya ila kupiga vigelegele.

Mwaka 2025, daraja jipya la Kigongo na Busisi lilipoanza kupitisha magari na kivuko kikakosa kazi, Luhaga aliliacha sanduku lake la vifaa gatini na kuvuka kwa miguu pamoja na Shija hadi Busisi na kurudi. Alisema ni mara ya kwanza kuvuka maji yale bila kusikiliza kama kuna kitu kinagonga.

Oktoba mwaka huohuo aligundulika kuwa figo zake zimechoka kutokana na shinikizo la damu alilokaa nalo muda mrefu bila kulisema. Alitibiwa mjini Mwanza, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Watoto waligombania kumpa figo, wakakatana maneno mbele ya daktari juu ya nani mwenye afya zaidi, mpaka daktari akawatoa nje wote. Vipimo vilikuwa vinaendelea hali ilipobadilika.

Jumamosi tarehe 14 Machi, majira ya saa nne asubuhi, wote watano walikuwa wodini kinyume cha utaratibu, muuguzi akijifanya hajui kuhesabu. Kulwa na Doto, wanawake wazima wa miaka ishirini na mmoja, walikuwa wakibishana kwa kunong'ona nani kati yao aliyesahau chaja ya simu nyumbani. Nestory akamtetea mmoja, Shija akamcheka mwingine, Winnie akawakemea wote. Teodora aliinuka awanyamazishe.

Luhaga alimshika kanga. "Waache, dada," alisema. "Waache waseme."

Wakaendelea. Walipokuja kunyamaza, alikuwa ameshakwenda.

Marehemu ameacha dada yake, Teodora. Watoto watano: Winnie, muuguzi. Nestory, fundi umeme. Kulwa na Doto, wanaosomea ualimu. Na Shija, aliyemaliza kidato cha nne. Pamoja na mjukuu mmoja wa mwaka mmoja, Angela, ambaye muda wote wa ibada hii amekuwa akimvua Baba Paroko viatu, na tunaomba asikatazwe.

Bwana alitupatia Luhaga, naye Bwana amemchukua. Tunamshukuru kwa miaka hamsini na saba. Amjalie sasa usingizi wa amani na utulivu, ule ambao watoto watano hawakuwahi kumpa, na ambao yeye hakuwahi kuudai.