Bi. Theodora Mhoja, Aliyewatenganisha Mbu wa Puge

Baada ya kuitumikia maabara yetu ya wadudu hapa Tabora kwa miaka thelathini na miwili, Bi. Theodora Mhoja anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi kalamu kwa kuwa ni mtani wake: yeye Mnyamwezi wa Kwihara, mimi Mzaramo. Wanasema mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Basi nasema: namwonea wivu mama huyu, na hapa sitanii.

Aliajiriwa kama msaidizi wa maabara, akaenda masomoni, akarudi na shahada na kicheko kilekile cha korido nzima. Hata leo akicheka ofisini kwake, mimi chumba cha pili nasahau nimefikia mbu wa ngapi.

Jina lake lilivuma kwa ajili ya Puge. Watu wa kule walilala ndani ya vyandarua na bado malaria iliwaandama, watoto hasa. Mbu wao waliletwa mezani kwangu. Niliwachungulia kwa hadubini mmoja mmoja, nikaandika: aina moja. Jicho langu, naomba ieleweke, halikukosea. Kwa jicho wanafanana kama punje za mtama. Lakini Theodora alikuwa ameshakaa na akina mama zizini, nao wakamwambia, “Hawa wa jioni si wale wa usiku, mama. Wanatuuma tukiwa tunakamua.”

Akachukua miguu ya mbu walewale niliokwisha kuwachungulia mimi, akaipima vinasaba. Zikatoka aina mbili. Hao wa pili hawamngoji mtu aingie kitandani. Wanamuuma nje, karibu na ng'ombe, jua likizama. Tangu hapo dawa ikapelekwa madimbwini na mazizini pia, na wagonjwa wakapungua. Pongezi zikamiminika, zote kwake. Iliniuma sana, na bado inauma.

Kuanzia Julai kiti chake nakikalia mimi. Nimekitamani miaka mingi, hakuna asiyejua. Mwezi uliopita alikwenda Puge kuaga, akanichukua. Akapewa ndoo ya asali, nikaibeba mimi hadi kwenye gari. Enzi za misafara, wazee wake ndio waliobeba mizigo mpaka kwetu pwani. Safari hii mpagazi alikuwa Mzaramo.

Mama mmoja, Koleta, ambaye mwanawe alilazwa mara nyingi enzi zile, aliuliza sasa nani atakuja kuwasikiliza. Theodora akaninyooshea kidole mimi. Wakaangua kicheko wote, wakidhani ni utani. Theodora peke yake hakucheka. Alinivutia kigoda, akaniambia nianze kwa kumuuliza Koleta habari za watoto. Nikakaa, nikauliza.

Bi. Theodora, tunakushukuru kwa kazi yako. Wenzako wote wanakutakia mapumziko mema na afya tele huko Kwihara. Nami nakutakia hayohayo, ila simu usizime: akina mama wa Puge wameniambia mengi, na sijui pa kuanzia.

Nurdini Pazi, kwa niaba ya wafanyakazi